Ruta ya mtumba kwenye laini ya Mbale–Kampala: uzoefu wangu

Ruta hii, kifaa cha kuunganisha mitandao ya kompyuta, nimekaa nayo miezi saba na naipa nyota nne kati ya tano. Niliinunua mtumba Kampala kwa shilingi 350,000, na kadi yake ya poti mbili za siriali (zinazopitisha data biti moja moja), ili ghala letu la kahawa Mbale liongee na ofisi ya Kampala kupitia laini ya kukodi, ya kwetu peke yetu, ya kilobiti 2,048 kwa sekunde.

Siku ya kwanza skrini iliandika: laini iko juu, itifaki (kanuni za mawasiliano) iko chini. Mafundi wengi wakiona hivyo hukimbilia kubadilisha waya. Lakini laini ikiwa juu, ishara za modemu, kifaa kinachounganisha ruta na laini, zinafika. Kinachokosekana ni kuelewana. Ruta ya Kampala ni ya mtengenezaji mwingine. Zote nilikuwa nimeziwekea HDLC, itifaki mojawapo ya kupitisha data kwenye laini, nikadhani yamekwisha. Kumbe kuna watengenezaji wanaoongeza sehemu yao ndani ya fremu (kifurushi cha data), kutaja aina ya data iliyobebwa, na ruta ya mwingine haiielewi. Nikaweka PPP, itifaki ya kiwango kimoja kwa watengenezaji wote, pande zote mbili, itifaki ikapanda papo hapo.

Kasi ya saa, yaani mdundo unaopanga kila biti ipite lini, usiiguse. Kwenye laini ya kukodi saa hutoka kwa mwenye laini, ruta inafuata tu. Amri ya kuiweka kwenye ruta ni ya mezani, unapojaribu ruta mbili kwa waya mmoja.

Kilichonikosesha usingizi ni makosa ya CRC, yaani fremu zinazofika zimeharibika. Msimu wa kahawa, karani akianza kutuma hesabu za mizani, kaunta ya makosa kwenye ruta ya Kampala inapanda, usiku kimya. Kebo yetu ya V.35 (aina ya kebo ya siriali) kutoka kabatini hadi kwenye modemu ni ndefu, na kwa kasi hiyo biti hufika zimechelewa kidogo nyuma ya mdundo wa saa, modemu ikazisoma zikiwa bado zinageuka. Nikapindua saa ya kutuma upande wa Mbale ili biti zisogee nusu mdundo, amri moja tu. Nikafuta kaunta, nikaiangalia siku nzima ya kazi: sifuri. Nilifurahi mno, kwa kuwa hesabu zile ndizo malipo ya wakulima.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu kebo inauzwa kando na lebo yake haisomeki. Yangu ya kwanza ilikuwa ya DCE (upande wa modemu) badala ya DTE (upande wa ruta), ikabidi nipande basi tena hadi Kampala kuibadilisha.