TAHADHARI: Anayeuza maboksi ya hita ya magari ya zamani ameshapita Tanga, sasa yuko njiani kwenda Arusha

Jamani, siku tisa nimekaa kimya kwa haya. Leo nalisema, kwa sababu nimesikia ameelekea Arusha, na kule baridi ipo na magari ya aina hii yapo.

Gari la marehemu baba mnalijua. Na mnajua tangu mama ahamie Magamba, kule juu Lushoto, kwa dada, siku ya kliniki lazima nilale huko nimshushe alfajiri mpaka hospitali ya Bombo, Tanga. Mwezi wa saba saa kumi za usiku Lushoto si mchezo: kioo cha mbele kinafunga ukungu, unafuta kwa kiganja huku unakata kona. Na Porsche 912 ya mwaka 1968 haina rejeta, haina maji ya moto ya kupeleka kwenye hita kama magari yenu. Injini iko nyuma, inapozwa kwa upepo. Joto lake linatoka kwenye ekzosi. Feni ya injini inasukuma hewa, hewa inapita ndani ya maboksi mawili ya bati yaliyofunika mabomba ya ekzosi, inapata moto humo, kisha inapitia ndani ya vizingiti vya milango mpaka miguuni na kwenye kioo. Kwangu ilikuwa ikifika imepoa. Mama anajifunika kanga mbili na blanketi na bado anatetemeka, mtu wa miaka sabini na nne. Ndiyo maana nilikwenda kwa huyu muuzaji.

Alikuwa amefikia uani kwa watu, Chumbageni, spea zimepangwa juu ya turubai. Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu alinisikiliza. Gereji zote nilizopita, nikieleza tatizo la gari fundi anamtazama kaka yangu, anamjibu kaka yangu. Huyu alisema, "Dada, washa nisikie," akainama nyuma, akasikiliza. Akaniambia joto la gari hili linafuata mguu wako: ukikanyaga mafuta feni inaenda mbio na hewa ya moto inaongezeka, ukiachia inapungua. Kweli kabisa, ndivyo lilivyo! Akajua mkono wa hita ulipo bila kuoneshwa. Adhana ya alasiri ilipolia aliacha kila kitu akaenda kuswali, akaniacha na mali yake yote pale. Nani angemdhania?

Aliporudi akafungua katoni. Maboksi mawili yanang'aa rangi ya fedha, yamefungwa gazeti la Kijerumani. Akasema haya ni chuma kisichoshika kutu, hayataoza kwa hewa ya bahari kama ya zamani. Nikamuuliza nitajuaje. Akacheka kidogo, akatoa mfukoni sumaku ya spika ya redio imefungwa uzi. Akafuta mikono kwa kitambaa, akanikabidhi mimi ile sumaku. "Jaribu mwenyewe, usiniamini mimi. Chuma hiki sumaku haikishiki." Kidole chake kikaonesha hapa, katikati ya tumbo la boksi. Nikaweka, ikateleza. Akaonesha pale, nikaweka, ikateleza tena. Mara tatu. Mkono ulikuwa wangu, jamani, ndiyo inayoniuma mpaka leo. Mkono ulikuwa wangu lakini mahali pa kuweka alichagua yeye, na sikuliona hilo.

Milioni moja na laki nane. Akasema ya kwangu ya zamani yameoza, atayachukua kama chuma chakavu na kunipunguzia laki tatu. Kijana wake akanifungia palepale bila malipo. Nilimpigia fundi wangu wa Makorora aje aangalie, alikuwa msibani Pangani, akasema nimsubiri mpaka kesho. Sikusubiri. Jumapili nilikuwa na safari na nilishamwona mama kichwani mwangu amekaa bila blanketi.

Jumapili nikapanda. Kutoka Mombo gari linavuta mlima, hewa ya moto inakuja miguuni mpaka nikavua viatu. Nilipofika Soni nilikuwa nalia kwa furaha. Kulikuwa na harufu kama ya plastiki inayoungua, nikajisemea ni rangi mpya inakauka.

Alfajiri nikampakia mama, vioo juu, hita wazi yote. Hatukumaliza nusu saa. Kwanza akaacha kunihadithia. Mama kunyamaza garini! Kisha akasema, "Mwanangu, kichwa kinaniwanga, na moyo unanichafuka." Na mimi kichwa kilikuwa kizito, nikadhani ni usingizi. Nilipokaribia Soni macho yake yalikuwa yamelegea, namwita anaitika kwa mbali. Nikasimama nikafungua milango yote miwili, nikamtoa nikamkalisha kwenye jiwe kwenye ile baridi niliyotaka kumkinga nayo. Akatapika. Baada ya muda akaanza kuuliza tuko wapi. Tumeteremka mpaka Bombo vioo vyote chini, nimemfunga kila nguo iliyokuwamo garini. Daktari akasema ni moshi wa gari, kwamba ndani yake mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na ukiwa umefunga vioo unalala usiamke.

Fundi akashusha maboksi. Akachukua sumaku yake, akaiweka pembeni kwenye shingo ya boksi, ikanata ta! Bati la kawaida lililooza. Pale nilipooneshwa nijaribu palikuwa na fila ya bodi, ile dawa ya kuzibia mabonde ya bodi ya gari, nene kama kidole cha gumba, imepakwa rangi ya fedha. Akachoma bisibisi, ikazama kama kwenye papai. Ndani, bomba la ekzosi lina ufa unaoingia ukucha. Huo nao ulizibwa kwa fila, ikaungua siku ya kwanza mlimani. Moshi ukaingia kwenye hewa ileile inayokwenda kwa mama.

Na maboksi yangu? Fundi ndiye aliyeyafunga miaka sita nyuma na anayajua. Yalikuwa mazima. Kilichokuwa kibovu ni mpira wa hewa unaotoka kwenye feni, umechanika, na kilango kimoja cha kuelekeza hewa ya moto ndani kimeganda kwa kutu ya chumvi hata waya ukivuta hakifunguki, hewa ya moto yote inamwagika nje chini ya gari. Kazi ya grisi na kipande cha mpira. Yule mtu aliinama pale nyuma, akaona, akanyamaza, akaondoka na mazima yangu na pesa yangu juu. Sasa hivi anayauza kwa mwingine kama mali halisi ya kiwandani, na safari hii atakuwa anasema kweli!

RB ya polisi ninayo. Akamatwe, afungwe, na asitozwe faini akaachiwa, maana huyu hakuiba pesa tu. Aliuliza garini anapanda nani, nikamwambia ni mama, mgonjwa, na bado akapaka rangi akanipa. Mjomba anataka asomewe halbadiri. Mama ndiye amekataa, anasema tumwachie Mungu. Mimi simwachii. Mtu aliyejua anauza kifo asitembee.

Mkikutana naye: ni mpole, hana haraka, atakupa sumaku. Weka unapotaka wewe, hasa shingoni na kwenye kingo. Gonga kwa nati usikie. Chungulia ndani ya bomba kwa tochi. Akisema atachukua ya kwako, kataa. Na usikubali afunge yeye.

Maboksi yenyewe sijayatupa, yapo kwa fundi Makorora pamoja na ile gazeti. Mwenye gari la aina hii anayetaka kuyaona kwa macho yake kabla hajatoa pesa, aniandikie nimwelekeze.