Swichi za usukani za Honda CG125 ya volti 6: mpya ya dukani au ya zamani kwa fundi?

Kwa wenye Honda CG125 za zamani, zile za volti 6, nawaambia mapema: msikubali kutupa swichi ya usukani iliyokuja na pikipiki. Nimetumia swichi mpya ya dukani, kisha nikaipeleka ile ya zamani kwa fundi, na hiyo ya zamani ndiyo natembea nayo sasa hapa Tanga, usiku na mchana.

Dalili zilikuwa zile ambazo wengi mnazijua. Honi inakoroma badala ya kulia. Indiketa ya kushoto inawaka lakini haikonyezi. Taa ya mbele ukiweka fulu inafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta, ukitikisa swichi kwa kidole gumba inarudi. Fundi wa pikipiki niliyemwendea hakuifungua hata kuitazama. Akasema, "Hizi hatutengenezi, kaka, nunua mpya." Na kwa kweli mpya zipo tele, maana pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria huku kwetu zimetokana na injini hiyo hiyo ya CG125 ambayo Honda waliitoa mwaka 1976. Usukani wake una unene ule ule wa milimita 22, kwa hiyo swichi zake zinaingia bila kuchonga chochote.

Nilinunua jozi, kulia na kushoto. Nitaisifu kwa haki yake: bei ni rahisi, inafungwa upesi, vitufe ni laini, na nyaya zake ni ndefu za kutosha kufika ndani ya bakuli la taa ya mbele ambako viunganisho vyote vya CG vinakutana. Honi ililia siku hiyo hiyo.

Tatizo liko kwenye umeme wenyewe, na hapa naomba tuelewane vizuri. Swichi hizi zimetengenezwa kwa pikipiki za volti 12. Globu ya wati 25 kwenye volti 12 inavuta ampea 2 na kidogo. Globu ya wati 25 hiyo hiyo kwenye volti 6 inavuta zaidi ya ampea 4. Yaani swichi na nyaya zinabebeshwa mzigo mara mbili, na nyaya za swichi hii ni nyembamba sana. Niliwasha taa, nikaweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye waya unaoingia kwenye swichi na nyingine kwenye waya unaotoka. Ilisoma volti 0.9. Swichi nzima haitakiwi kula hata robo ya hapo. Kwenye volti 12 pengine usingeona tofauti kubwa, lakini ukiwa na 6 tu, kupoteza karibu 1 njiani ni kuendesha gizani. Baada ya safari ya usiku ya kwenda Pongwe, plastiki ya swichi ilikuwa na joto mkononi. Hilo ndilo lililoniamulia.

Kuna jingine. Rangi za nyaya za swichi hizi zinafuata mpangilio wa Honda, ila si zote. Kwa Honda samawati ni indiketa ya kulia na chungwa ni ya kushoto. Kwenye jozi yangu zilikuwa zimebadilishana. Anayeunga kwa macho bila kupima atakuwa anawaonyesha wenye magari kwamba anakata kulia huku anakata kushoto, na hapo mtu anaweza kupoteza maisha. Pimeni kila waya kabla ya kuunga, tafadhali.

Ya zamani nikaipeleka Ngamiani kwa fundi redio. Si fundi pikipiki, ni mzee anayetengeneza redio na vikuza sauti vya misikitini. Nilichotaka ni mtu aliyezoea vitu vidogo na anayejua kuunga nyaya kwa kuchomea risasi ikashika, na nikampata.

Alianza na skrubu, na hapo tu nikajua nimefika kwa mwenyewe. Skrubu za Kijapani zina kichwa cha msalaba kinachofanana na cha bisibisi yetu ya nyota, lakini si sawasawa. Bisibisi ya kawaida inapanda na kutoka, inakula kichwa, na baadaye unabaki kutoboa kwa drili. Yeye alikuwa na bisibisi yenye ncha iliyokaa barabara, akaigonga kidogo kwa nyundo kwanza ili kutu iachie, ndipo akazungusha. Kisha akaiingiza swichi yote ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na kuifungulia humo humo. Ndani ya swichi ya indiketa kuna gololi ndogo iliyokaa juu ya springi, ndiyo inayokupa ule mlio wa "tak" unaposukuma. Ikiruka kwenye mchanga, umeipoteza. Iliruka kweli, ikabaki mfukoni.

Vipande vya shaba vilikuwa vimefunikwa na kutu ya kijani, kazi ya chumvi ya upepo wa bahari kwa miaka yote hii. Hakutumia msasa mkali, maana msasa unakwangua shaba ikabaki na mifereji inayoshika uchafu upya. Alikamulia ndimu, akasugua kwa mswaki wa zamani, akasuuza kwa maji yenye magadi ya kupikia ili kuua ukali wa ndimu, akasuuza tena na kukausha kabisa. Grisi ya kiwandani iliyokuwa imekauka na kuganda aliifuta kwa spiriti. Waya ambao shaba yake ilikuwa nyeusi alizidi kuukata mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa, kwa sababu risasi haishiki kwenye waya mweusi. Nyaya za indiketa alizichukua kwenye ile swichi mpya niliyokwenda nayo, ila kwa taa kubwa akaweka waya mnene zaidi. Mwisho akapaka grisi ya silikoni kidogo sana.

Niliporudisha nikapima vilevile: volti 0.1. Indiketa ikaanza kukonyeza bila kubadilisha flasha, kile kifaa kinachoiwasha na kuizima. Flasha za zamani zinafanya kazi kwa joto la umeme unaopita ndani yake, na umeme ukizuiwa na uchafu kwenye swichi, haipati joto la kutosha kukata. Wengi wananunua flasha mpya bure.

Nyaya za ndani ya bakuli la taa nilizishughulikia mwenyewe. Kuna mtu aliyewahi kukata viunganisho vyote na kusokota nyaya kwa selotepu, na waya mmoja ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake pale shingoni, usukani unapojipinda. Nje ulionekana mzima. Muhimu kwa mnaopeleka kwa mafundi wa magari: kwa Honda ethi, yaani waya unaofungwa kwenye fremu, ni kijani. Nyeusi ni umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Fundi akiichukulia nyeusi kama ethi na kuifunga kwenye fremu, ni shoti, na kama mtu alishaondoa fyuzi na kuweka kipande cha waya, nyaya zote zinaungua.

Kasoro za huduma ya mzee huyu zipo. Hashughuliki na pikipiki yenyewe, kwa hiyo ufungue na ufunge mwenyewe. Kazi yake haina haraka. Alinitoza zaidi ya bei ya jozi mpya, na sioni kwamba alinidhulumu hata kidogo. Maandishi ya vitufe yamefutika na yatabaki hivyo.

Kazi ya fundi naipa nyota 5. Swichi ya dukani, kwa pikipiki ya volti 6, nyota 2. Kama CG yako ni ya volti 12, hiyo ya dukani ningeipa nyota 4 na ningekuambia ununue, ila uchukue mita kwanza uhakikishe samawati na chungwa.