Tahadhari: "hariri ya Italia" ya bwana harusi inayouzwa kwa simu hapa Mombasa

Assalaam aleikum ndugu zangu, na salamu kwenu nyote mnaosoma. Kama una harusi karibuni, yako au ya mtoto wako, na unatafuta tai, kitambaa cha mfuko wa koti, vifungo vya mikono ya shati na vitu vingine vya kupambia suti, tafadhali soma hadi mwisho kabla hujamtumia mtu pesa. Kuna muuzaji anayezunguka mitandaoni akijiita mwenye duka la nguo za kiume Biashara Street, na anawaibia watu katika wiki ile ambayo hawana nafasi ya kumfuata.

Mimi ni fundi wa suti na kanzu, kazi yangu iko Mwembe Tayari. Vitu vyake hufika mezani kwangu kwa sababu wateja huniletea niwatazamie kama rangi inaoana na koti. Jina la ukurasa wake silitaji. Limeshabadilika tangu nianze kumfuatilia, picha zikabaki zilezile, na litabadilika tena. Ukilikariri jina utampita njiani bila kumjua, kwa hiyo nawaeleza anavyofanya kazi.

Anachouza ni "seti ya bwana harusi": tai, kitambaa cha mfukoni, vifungo vya mikono na kibano cha tai, vyote ndani ya boksi jeusi lenye utepe. Bei yake shilingi 6,500, na ukichukua seti za wasimamizi anakupunguzia kidogo. Hapo ndipo pesa inapokuwa nyingi, maana bwana harusi mmoja huja na vijana watano au sita nyuma yake. Picha zake ni nzuri sana. Ukizipitisha kwenye Google Lens unazikuta kwenye maduka ya Uingereza na Italia, zimekatwa pembeni ili jina la duka lisionekane. Moja ameikata vibaya, na alama ya pauni bado iko pale chini.

Ukimwambia unataka kuja dukani ukashike kitambaa kwa mkono wako, hakukatalii. Anakwambia duka liko ghorofa ya juu, leo wanahesabu mali, au wanapaka rangi, lakini boda anaweza kukuletea popote ulipo, Nyali, Likoni, Changamwe, mradi pesa itangulie. Nimetembea Biashara Street yote nikiuliza. Wale wenye maduka ya leso na vitambaa wamekaa pale vizazi na vizazi, wanajuana kwa majina ya baba zao, na hakuna hata mmoja anayemfahamu mtu huyu.

Jambo linaloniuma zaidi ni muda anaouchagua. Anakuuliza tarehe ya harusi mapema, kwa upole, kama mtu anayejali. Kisha mzigo haufiki. Unapiga simu, anasema umekwama, unatoka Nairobi, uko kwenye treni, uko njiani. Unafika usiku wa kuamkia harusi au siku moja kabla, umefungwa utepe na gundi, na ujumbe unasema usiufungue hadi asubuhi ili vitambaa visipate mikunjo. Kitambaa cha mfukoni hukunjwa kwa kawaida, na mkunjo wowote unaondoka kwa pasi ya moto mdogo. Sababu ya kweli ni kwamba asubuhi ya harusi hakuna anayekaa kubishana na muuzaji. Mtu anavaa alichonacho, anakwenda kanisani au msikitini, na hasira inabaki kwake. Na tafadhali, yule kijana wa boda msimfokee. Amechukua kifurushi kutoka kwa mtu barabarani, amelipwa nauli yake, hajui kilichomo.

Sasa niwaeleze nilivyomjua vizuri. Kijana mmoja wa Bamburi alinunua seti kwa ajili yake na wasimamizi wake. Boksi lilikuwa na lebo inayosema "100% hariri, Como, Italia". Alikuwa ameniachia seti moja nimlinganishie na koti la bluu nililokuwa namshonea. Wakati huohuo akaja mzee wa Kibokoni, anamuoza mwanawe, na yeye ana seti kutoka ukurasa uleule. Mzee alikuwa amemuuliza muuzaji waziwazi kama kitambaa ni hariri, kwa sababu hakutaka mwanawe aivae. Akanionyesha jibu kwenye simu: "Hapana shekhe, hii ni pamba ya Misri, hariri kwetu hakuna." Nikavilaza vitambaa viwili mezani. Ua moja, rangi moja, ukingo mmoja, mashine moja. Tofauti pekee ni kwamba ile ya mzee lebo ilikuwa imekatwa kwa makasi na kipande cha uzi kimebaki pale.

"Fundi," mzee akaniambia, "mimi nilimuuliza mara mbili, na mara ya pili nilimuuliza kwa jina la Mwenyezi Mungu."

Nawaomba mlitazame jambo hili kwa uzito wake. Kwetu Waislamu hariri na dhahabu zimeharamishwa kwa wanaume na kuhalalishwa kwa wanawake, na kilichoruhusiwa katika hadithi ya Umar ni upana wa vidole viwili, vitatu au vinne. Hukumu ya kitambaa kinachokaa mfukoni muulizeni shekhe wenu, mimi ni fundi tu. Lakini mtu anayeangalia jina lako kwenye simu, kisha akaamua leo kitambaa kiwe hariri na kesho kiwe pamba, amefanya mchezo na dini ya mtu pamoja na pesa yake. Mzee alinusurika kwa sababu kilichomfikia kilikuwa poliesta, ambayo haina katazo hilo. Siku muuzaji huyu akipata shehena ya hariri ya kweli, ataiuza kwa maneno yaleyale ya pamba ya Misri.

Ndiyo, zote mbili zilikuwa poliesta. Na poliesta yenyewe haina kosa. Mimi naitumia kwa bitana, na kitambaa cha mfukoni cha poliesta ukikinunua sokoni kwa shilingi mia chache umepata thamani ya pesa yako. Kinachouma ni kulipa bei ya hariri.

Namna ya kujua iko nyumbani kwako. Vuta uzi mmoja kutoka ukingoni, ushike kwa kikoleo juu ya sinki au sahani ya bati, uwashe. Hariri huungua polepole, hutaka kuzimika yenyewe ukiuondoa moto, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake ni jeusi linalosagika vidoleni. Harufu hiyo inatokana na kwamba hariri ni protini, sawa na nywele na manyoya. Kiwavi huitoa mwilini mwake kujifumia kifuko. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu kisichosagika. Usikiguse kingali cha moto, kinababua ngozi. Halafu kuna viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, ambayo wajanja huiuza sana kwa jina la hariri kwa sababu ni laini na inateleza: hiyo huwaka upesi, hunuka karatasi, na jivu lake ni laini la kijivu. Asiyetaka kuwasha moto atumbukize uzi kwenye Jik isiyotiwa maji, auache masaa kadhaa. Hariri na sufu huyeyuka zikatoweka. Poliesta hubaki vilevile, na pamba hubaki ikiwa imepauka.

Msidanganywe na mng'aro, wala na neno satini analolipenda muuzaji huyu. Satini ni namna ya kufuma, na inaweza kufumwa kwa hariri, kwa poliesta au kwa viskosi.

Halafu tazameni ukingo. Kitambaa cha mfukoni cha daraja la juu huviringishwa ukingo kwa vidole na kushonwa kwa sindano ya mkono. Ukiupapasa unauhisi umenona, na mishono midogo unaiona hapa na pale, haiko sawa kama ya mashine. Hivi vya kwake vimepigwa mashine, vikalazwa bapa kwa pasi, na kwenye pembe uzi umeanza kufumuka kabla havijavaliwa. Geuza pia upande wa nyuma. Rangi iliyochapwa vizuri kwenye hariri hupenya ikaonekana nyuma kwa nguvu karibu sawa. Vyake nyuma ni vyeupe.

Tai nayo ina siri yake. Tai nzuri hukatwa kwa mshazari, kitambaa kikiwa kimelazwa kwa pembe ya digrii 45, ndiyo maana hunyooka tena baada ya kufunguliwa fundo. Shika ncha nyembamba uiache ining'inie: ikijipinda yenyewe, ilikatwa ovyo ili kubana kitambaa. Ya kijana wa Bamburi ilijipinda mbele ya macho yetu sote mle kibandani.

Vifungo vya mikono vilikuwa na muhuri wa 925, maana yake sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha. Nikaweka sumaku ya kuokotea pini, vikanasa. Fedha hainaswi na sumaku. Kumbuka tu kwamba kifungo kisiponaswa bado hujathibitisha kuwa ni fedha, kwani shaba nayo hainaswi. Kwa jasho na joto letu la pwani, rangi ya juu itatoka na kuacha doa kwenye shati jeupe.

Kuhusu hiyo Italia, Como ni mji wa kweli kaskazini mwa nchi hiyo, na viwanda vyake vinasifika kwa kufuma na kuchapa hariri ya tai na skafu, ingawa hariri ghafi nyingi duniani hutoka China. Kitambaa kimoja cha mfukoni kilichoviringishwa kwa mkono huko huuzwa madukani Ulaya kwa makumi ya euro. Haiwezekani shilingi 6,500 ilipie kitambaa hicho, na tai, na vifungo vya fedha, na kibano, na boksi, na usafiri mpaka Mombasa, kisha muuzaji abaki na faida.

Malipo huyataka kwa namba ya simu ya mtu binafsi. M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea kabla hujakamilisha, na jina hilo halihusiani na ukurasa wake hata kidogo. Ukimuuliza anasema ni la mhasibu wake. Hivi karibuni ameanza kutoa namba ya till, ile ya kulipia biashara kwa M-Pesa, kwa wanaosita, na watu wakatulia. Till yaweza kufunguliwa na yeyote mwenye biashara ndogo, haikwambii kama hariri ni hariri. Mwambie utalipa mzigo ukifika na ukishaufungua. Wauzaji waaminifu wengi hapa mjini wanakubali hivyo. Yeye hakubali, na hapo mazungumzo yaishe.

Ukilalamika baadaye, hakutukani. Anaomba radhi vizuri, anasema atarudisha kila senti, ila utume kwanza shilingi 500 za kurudishia mzigo. Kijana wa Bamburi alizituma. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena na ujumbe wake haukufika.

Kama umemtumia pesa sasa hivi ukashtuka, peleka ujumbe wa muamala kwenda 456 papo hapo. Haina hakika, na pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuipata, lakini dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini. Namba yake ya simu ipeleke kwa ujumbe kwenda 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za matapeli. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe na uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 3. Watu huona aibu kwenda kituoni kwa ajili ya tai na kitambaa. Msione aibu. Seti sita kwa bei yake zinakaribia shilingi 40,000, na kuna familia zinazokusanya kiasi hicho kwa michango ya wiki nyingi. Kama unamjua kwa jina na makazi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Kwa wale ambao harusi imeshakaribia na hawajui waende wapi: kata kipande cha kitani au pamba nyeupe, sentimita 33 kwa 33 hivi, mpe fundi yeyote anayejua sindano ya mkono akikunje ukingo. Kinakaa mfukoni kuliko hariri, hakitelezi kikazama ndani, kinafuliwa na sabuni ya kawaida, na jasho halikiachii alama za maji kama hariri. Kwa Muislamu na Mkristo kinafaa sawasawa. Kitambaa chenyewe kinunue mahali unapoweza kukishika, mchana, mbele ya mlango ambapo kuna mwanga wa jua.

Na ikiwa umeshauziwa, usikitupe kifurushi wala kukichoma kwa hasira. Weka boksi, lebo, ujumbe wa M-Pesa, na picha za mazungumzo yote kabla hajayafuta. Mzee wa Kibokoni na kijana wa Bamburi wamekubali ushahidi wao uwekwe pamoja na wa wengine, na polisi huchukulia kwa uzito zaidi malalamiko ya watu wengi yanayoonyesha namba moja ya simu. Niandikieni kwa faragha mkiwa na namba mliyotumia pesa na tarehe. Kwa sasa anatangaza seti za Desemba, rangi ya zambarau na dhahabu, kwa jina jipya.