Hema la kitanda cha deka: kitambaa kipi ununue, kipi ukiache dukani

Hema langu la kwanza, yaani mapazia ya kuzungushia kitanda cha chini cha deka, nililishona kwa satini. Ilikuwa inameremeta, binti yangu akaing'ang'ania palepale dukani, nami nikalipa. Haikumaliza hata siku mbili. Ukiigusa kwa mkasi, ukingo unafumuka nyuzi, ukiifunga, inateleza, na mtoto akikaa ndani nusu saa anatoka amelowa jasho. Tangu hapo nimeshona mengine matatu, na orodha hii imetokana na mikono yangu mwenyewe.

Kabla ya kitambaa, chukua futi ya fundi. Kitanda cha godoro la sentimita 90 kwa 190, kikiwa kimeegemea ukuta, kinahitaji kufunikwa pande tatu tu: mbele, kichwani na miguuni. Tuseme kutoka ubao wa juu hadi wa chini ni sentimita 95. Mbele weka mapazia mawili yanayopishana katikati, ili mtoto apate mlango. Kila moja liwe na upana wa sentimita 116 pamoja na pindo. Kipande cha kichwani na cha miguuni, kila kimoja ni 96. Jumla ni sentimita 424.

Namba moja: shuka kuukuu. Ndiyo, lile lililo kabatini. Shuka la kitanda kikubwa lenye 230 kwa 260 likate kwa urefu, upate vipande viwili vya 115 kwa 260. Cha kwanza kinatoa mapazia yote mawili, cha pili kinatoa vipande vya kichwani na miguuni, na bado kunabaki kipande cha sentimita 68. Limeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo halitaruka tena, yaani halitapungua ukubwa. Pindo za pembeni nazo zipo tayari. Kama huna, nunua jipya la pamba iliyochanganywa na poliesta, kwa sababu halikunjamani ovyo.

Namba mbili: pamba nyepesi ya mita. Hapa unalipia rangi na michoro, na kwa mtoto hilo si jambo dogo. Pamba mpya inaweza kuruka asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa mara ya kwanza, basi chukua mita 4 na nusu, uifue, uipige pasi, ndipo ukate. Muuzaji atakushawishi uchukue ya upana wa sentimita 150. Usikubali. Ukiigeuza ilale kwa ubavu, ya 112 inatosha urefu wa 95 na pindo zake.

Namba tatu: neti. Inapitisha hewa vizuri, ila vidole vya miguu vinanasa na kuichana, na hema linaloonyesha kila kitu halifichi siri ya mtu. Nunua nusu mita ya kutengenezea dirisha, basi.

Namba nne: turubai ya pamba. Ni imara mno, na hapo ndipo tatizo lilipo: ni nzito, inatia giza, na pindo la mikunjo mitatu linavunja sindano za cherehani ya nyumbani. Satini iko chini ya hiyo. Plastiki haimo kabisa, maana mtoto anahitaji kupumua.

Sasa vishikizo, ambavyo watu hununua mwisho wakati ndivyo vinavyoamua kila kitu. Chukua velkro, yaani utepe wa pande mbili zinazonasana, za aina mbili: ya kushonwa kwa ajili ya kitambaa, na yenye gundi kwa ajili ya mbao. Usishone ile ya gundi, sindano itanata na kuruka mishono. Upande laini uende kwenye kitambaa, wenye vijino ubaki kitandani. Ukifanya kinyume, vijino vitakusanya nyuzi za kila nguo mtakayofua pamoja. Ubao ufute kwa spiriti, ubandike, kisha usubiri siku nzima kabla ya kutundika. Uzuri wa velkro ni kwamba mtoto akijitupa juu ya pazia, inaachia. Waya wa pazia hauachii, na kamba ndefu inaweza kumzunguka shingoni, kwa hiyo vyote viwili naviacha.

Hema likae kitanda cha chini tu. Cha juu si cha mtoto wa chini ya miaka 6 hata bila hema, na kitambaa kikifunika kingo, hata mkubwa hajui ubao unaishia wapi.

Taa ya balbu ya moto isikaribie kitambaa chochote: pamba hushika moto haraka, poliesta huyeyuka ikagandia ngozi. Nunua taa ndogo ya LED ya betri, ambayo kifuniko chake kinafungwa kwa skrubu, kwani betri ndogo za duara kama vidonge zikimezwa ni hatari kubwa.

Kile kipande cha 68 nilikishonea mfuko kwa ndani, kwa ajili ya vitabu. Juzi nilipoupekua nilikuta soksi saba, zote za mguu mmoja mmoja.