Kipimo cha vinasaba vya mifupa na pombe, Moshi: mapokezi mazuri, jibu lisilotufaa

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimpeleka kaka yangu, mwenye umri wa miaka 41, kwa wakala wa vipimo vya vinasaba mwenye ofisi mjini Moshi, baada ya kuona tangazo lililoahidi kumweleza mnywaji iwapo mifupa yake imo hatarini kwa sababu ya pombe. Kaka alikuwa akichechemea kwa miezi kadhaa, maumivu yakianzia kwenye kinena na kushuka hadi gotini, na sisi nyumbani tulidhani ni mgongo, maana kazi yake ni kupakia ndizi kwenye malori. Tulilipa shilingi 380,000, na ninaandika kwa ajili ya wale wanaojiandaa kulipa kiasi kama hicho.

Mapokezi yalikuwa ya heshima. Muuguzi alitusomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili mstari kwa mstari, akamwuliza kaka kama anakubali sampuli yake isafirishwe nje ya nchi, kisha akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya mashavu yake na kukifungia kwenye kichupa mbele ya macho yetu. Kwa hilo sina lawama.

Majibu yalikuja baada ya wiki 6: karatasi moja ya Kiingereza yenye duara la kijani, na maelezo kwamba hatari ya kaka ni ndogo. Nilipoisoma kwa utulivu niligundua kuwa walichopima ni badiliko moja tu la jeni iitwayo ALDH2, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja asetaldehidi, ile sumu inayotokea mwili unapoichakata pombe. Badiliko hilo wanalo watu wengi wa Japani, Uchina na Korea, ambao wakinywa kidogo tu nyuso zao huiva zikawa nyekundu, na watafiti wa Japani wamelihusisha na kuvunjika kwa nyonga. Kwa Waafrika ni nadra mno. Maana yake, karibu kila Mchagga, Mpare au Mmeru atakayeingia katika ofisi ile atatoka na duara la kijani, awe hanywi kabisa au awe anakesha kilabuni. Hata badiliko la ADH1B, jeni nyingine inayohusika na kuichakata pombe, linalopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, halikupimwa. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba seli mundu pia haikupimwa, ilhali Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo, na ugonjwa huo wa kurithi unajulikana kwa kuziba mishipa midogo ya damu na kuua kichwa cha mfupa wa paja hata kwa kijana ambaye hajawahi kuonja pombe.

Kaka alifurahi. Aliikunja karatasi ikaingia kwenye pochi, na jioni ile ile akarudi kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Daktari wa mifupa tuliyemwona baadaye hakuanza na jeni. Alimlaza kaka chali, akaukunja mguu na kuuzungusha kwa ndani taratibu, kaka akauma meno na kushika ukingo wa kitanda. Kisha daktari akachukua kalamu akaanza kuhesabu chupa. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za pombe halisi. Wataalamu wa ugonjwa aliokuwa akiushuku, wa kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja, huuhusisha na pombe pale mtu anapokunywa zaidi ya mililita 400 kwa wiki kwa muda unaozidi miezi 6, yaani zaidi ya chupa 16 kila wiki. Kaka alikuwa ameuvuka mpaka huo kwa bia peke yake, kabla kata za mbege hazijahesabiwa. Eksirei haikuonyesha kitu, jambo la kawaida ugonjwa unapoanza, lakini picha ya MRI ilionyesha sehemu ya kichwa cha mfupa wa paja ikiwa imekufa. Tulielezwa kwamba pombe nyingi huzielekeza seli za uboho kuwa mafuta badala ya kuwa seli za kujenga mfupa, mafuta yakajaa na kuibana mishipa, na mfupa ukakosa damu.

Kwa hiyo mtu anayekunywa na anayeumwa kinena simshauri aanzie kwa wakala huyu, kwa kuwa fedha zetu zingetosha kumwona daktari na kulipia sehemu kubwa ya MRI. Nilirudi pale nikaomba majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yataje badiliko lililopimwa na watu ambao lilichunguzwa kwao, na duara la kijani liondolewe. Muuguzi yule yule aliyaandika yote kwenye daftari. Karatasi ya jirani yetu, iliyotoka juzi, bado ina duara lile lile.