Crusader Kings III: kikomo cha vasali nimekivunja, sasa nimekirudisha chini

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena, tuko Ngamiani, Tanga. Leo ni Crusader Kings III. Mchezo mnaujua, sitaki kuwachosha: unaongoza ukoo wa watawala wa zama za kati, kizazi baada ya kizazi. Nina jambo moja limenikera wiki nzima.

Tazameni hapa juu. Mimi mfalme, vasali, yaani watawala wadogo walio chini yangu moja kwa moja, ni 47, kikomo 40. Namba imekuwa nyekundu! Kila anayezidi ananipunguzia kodi na askari kutoka kwa wote, hata walio watiifu. Nimepigania ardhi hii vita baada ya vita, halafu naadhibiwa kwa kushinda. Iliniuma.

Sogeeni tuone. Documents, Paradox Interactive, Crusader Kings III, mod, yaani folda ya modi, marekebisho ya wachezaji. Faili la asili la mchezo, lenye kikomo hicho, msiliguse kabisa. Linakiliwe humu, jina lile lile, kwenye folda ya jina lile lile. Ni maandishi matupu, Notepad inatosha. Natafuta neno vassal_limit... hili hapa. Alama ya sawa, kisha namba. Nikaandika 500, nikahifadhi, nikawasha modi. Wekundu ukafutika, nikafurahi kweli.

Sasa sikilizeni. Ile namba si yangu peke yangu, ni ya kila mtawala mwenye cheo cha mfalme kama mimi, hata wanaoendeshwa na kompyuta. Majirani zangu nao wakavimba. Na mimi sikuwa tena na sababu ya kugawa vyeo. Kumbukeni Pwani yetu enzi za Wajerumani: jumbe chini ya akida, akida chini ya wakubwa. Humu ni vivyo hivyo. Mpe vasali mmoja udiuki, cheo cha juu ya wale wadogo, uwahamishie kwake majumbe watano, kwako anahesabika yeye tu. Ila akinenepa anaweza kukuasi! Hofu ile ndiyo tamu, na 500 yangu iliiua.

Nimerudi 60, imekaa vizuri. Mchezo ukipata toleo jipya likagueni faili lenu, maana la zamani litafunika jipya.

Bei? Dola 49.99 ilipotoka, na nyongeza zinauzwa kando. Subirini punguzo la Steam, duka la michezo la mtandaoni. Total War, mchezo mwingine wa vita, ina vita vitamu zaidi kutazama, lakini humo ukoo wako haukutoi jasho namna hii.

Na nyie watengenezaji, ramani kwa upande wetu inaishia Pembe ya Afrika. Ishusheni! Kilwa ilishika biashara ya dhahabu ya Sofala, na magofu ya Tongoni yako hapa hapa kusini mwa mji.

Faili langu liko chini ya video. Jumamosi usiku naanza upya mubashara, Ethiopia, na 60 yangu.