Spika za inchi nane: ipi itahimili hewa ya Mtwara?

Haya wadau, karibuni tena. Msimu wa korosho umechanganya hapa Mtwara, hela ipo mkononi na kila mtu anataka sabufa ilie. Mezani nina spika tatu za kubadilishia, zote inchi nane: ya karatasi, ya plastiki nyeusi, na hii ya njano ambayo muuzaji kaniapia kuwa ni kevla.

Haya, tuigeuze. Mnaona? Mbele inaonekana kama imefumwa, nyuma plastiki tupu. Ni mchoro tu huo! Kevla ni nyuzi, kaivumbua Stephanie Kwolek wa DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, mwaka 1965, na koni yake halisi, yaani ile sehemu pana ya spika inayotikisika kutoa sauti, imefumwa. B&W, watengeneza spika wa Uingereza, ndio walioifanya ijulikane kwenye spika tangu miaka ya 1970, na wao wenyewe mwaka 2015 wakaanza kuiacha, wakaweka kitambaa kingine walichokiita Continuum. Kwa hiyo hata ingekuwa kevla kweli, rangi ya njano isikutoe hela.

Koni nzuri ni nyepesi, haipindi ovyo, na sauti ikikata nayo inatulia. Alumini haipindi kirahisi, ila kutulia ndiyo kazi. Karatasi inajitahidi kote, ndiyo maana tangu wahandisi Rice na Kellogg waonyeshe spika yao Marekani mwaka 1925 mpaka leo bado ipo. Tatizo lake huku pwani ni unyevu: isipopakwa dawa inanyonya, inalegea, besi inavimba. Plastiki hii, polipropilini, hainyonyi maji. Ikiachia ukingoni, lakini, mpe pole fundi wako, maana gundi nyingi haziishiki.

Sasa kitu ambacho watu hawakiangalii kabisa: huu ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa sponji, unyevu na joto vinaula taratibu hata kama spika imekaa kabatini. Gusa kwa kidole. Ukiacha unga, spika hiyo achana nayo. Mpira unadumu zaidi, ingawa uzito wake unapunguza sauti kidogo.

Nyumbani, Shangani au Mikindani karibu na bahari, mimi nachukua nyeusi yenye ukingo wa mpira. Kwa unyago na mikesha ya nje, karatasi iliyopakwa dawa yenye ukingo wa kitambaa, inapiga kelele zaidi kwa umeme uleule. Ya njano narudisha dukani leoleo, risiti ninayo.